Maswali ya Wasomaji: Pikipiki Mpya na Njia Yake ya Kwanza ya Milimani

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Korogwe, kazi yangu ni upimaji wa ardhi. Mwezi uliopita, baada ya kuweka akiba kwa muda mrefu, nimenunua Honda XR150L mpya kabisa. Nimeendesha pikipiki za kawaida tangu nilipomaliza shule, lakini kwenye lami na barabara za mtaani tu. Sasa hii mpya imefikisha kilomita 300, na Jumamosi ijayo nataka kuitoa kwa mara ya kwanza kwenye njia za udongo. Nimepanga nitoke Korogwe alfajiri, nipande Lushoto, niende hadi Mtae, kisha nirudi jioni, nikiwa nimempakia binamu yangu na begi letu. Wenzangu wanasema pikipiki hii imetengenezwa kwa ajili ya njia kama hizo, hivyo sina haja ya maandalizi yoyote. Je, ni kweli?

*Msomaji, Korogwe*

Jibu

Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa kupata chombo ulichokitafuta kwa jasho lako. Wenzako wamekuambia nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba pikipiki yako imeundwa kwa ajili ya lami na vumbi kwa pamoja: ringi ya mbele ni ya inchi 19 na ya nyuma ni ya inchi 17, madigadi ya mbele yamewekwa juu ili tope lisikwame kati yake na tairi, shokapu zake zina mwendo mrefu kuliko za pikipiki ya mjini, injini yake ya cc 149 inapozwa na hewa kwa hiyo hakuna rejeta ya kupasuliwa na jiwe, na uzito wake wa kama kilo 130 unamwezesha mtu mmoja kuiinua ikianguka. Nusu waliyoiacha inakuhusu wewe mwenyewe. Mikono iliyofunzwa na lami ina mazoea ambayo kwenye udongo humwangusha mtu, na mazoea hayo hayaondoki kwa sababu tu umebadilisha pikipiki.

Tuanze na ratiba yako, kwa kuwa hapo ndipo ninapoona hatari kubwa. Kutoka Mombo hadi Lushoto kuna lami ya kilomita zipatazo 33 zenye kona nyingi, na kutoka Lushoto hadi Mtae ni kama kilomita 60 nyingine, sehemu kubwa ikiwa ya udongo unaopanda na kushuka kwenye mbavu za milima ya Usambara. Kwenda na kurudi, ukihesabu kuanzia Mombo peke yake, ni karibu kilomita 190. Mtu anayejifunza njia ya udongo hafanyi zaidi ya kilomita 20 kwa saa bila kujihatarisha, kwa hiyo sehemu ya udongo tu itakudai saa sita za kushika usukani, na saa za mwisho zitakukuta ukishuka mlima giza likiingia, viganja vimechoka hata kushika klachi ni kazi. Watu wengi huumia wakati wa kurudi, wakiwa na haraka na bila nguvu za kutosha, na mara nyingi jambo linalowaumiza ni dogo ambalo asubuhi wangelipita bila hata kuligundua.

Kuna pia suala la injini. Kitabu cha Honda kinataka mwendeshaji, katika kilomita 500 za mwanzo, aepuke kuvuta mafuta yote, kuondoka kwa kasi, kufunga breki kwa nguvu na kushusha gia kwa ghafula, na kinataka huduma ya kwanza ifanyike kwenye kilomita 1,000. Wewe una kilomita 300. Kupandisha watu wawili na begi kutoka Mombo hadi Lushoto, iliyo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ni kuibebesha injini changa mzigo mzito kwa muda mrefu, tena mahali ambapo nguvu zake zinapungua, kwa maana injini inayovuta hewa kwa njia ya kawaida hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Utajikuta unavuta mafuta yote kwa gia ya pili, jambo ambalo kitabu kimekukataza.

Kwa hiyo ninakuomba, na ninakuomba kwa dhati, uiahirishe Mtae. Kijiji kile kimekaa kwenye ncha ya milima, mahali unapoiona nyika ya Mkomazi imetandazwa chini yako, na kinastahili mgeni anayefika akiwa na utulivu wa kutazama. Kitakusubiri. Jumamosi ijayo usivuke hata Mombo. Wilaya yako ina mashamba ya mkonge yenye barabara za udongo zilizonyooka, pana na tambarare, na hakuna uwanja bora wa kuanzia kuliko huo. Mashamba hayo yana wenyewe, basi nenda ofisini kwao uombe ruhusa, ueleze unataka kufanya nini na saa ngapi, kisha ufike asubuhi mapema kabla ya jua kuwa kali. Saa mbili za mazoezi pale zitakufundisha mengi kuliko siku nzima ya kuhangaika mlimani. Ukishamaliza kilomita 500 na ukajiona umetulia, panda Lushoto kwa lami, ulale huko ikiwezekana, na kesho yake uende kwenye barabara ya Irente, ambayo ni fupi, ina udongo wa kutosha kukufundisha, na haikuweki mbali na msaada.

Binamu yako asipande nyuma yako. Abiria anahamisha uzito kwenda nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na kukosa utii, na wewe unapoteza uwezo wa kusimama na kuusogeza mwili wako, uwezo ambao ndio msingi wa uendeshaji wote wa njia mbaya. Hata hivyo usiende peke yako. Mwenzako awe na pikipiki yake, mfuatane kwa umbali unaoruhusu vumbi kutulia, na kila mnapofika njia panda wa mbele amsubiri wa nyuma. Mmoja akivunjika mguu mahali pasipo na mtandao wa simu, yule mwingine ndiye atakayeleta watu.

Kabla ya kuondoka, ishughulikie pikipiki kwa mikono yako mwenyewe hata kama una fundi unayemwamini. Pikipiki mpya hulegea nati zake katika siku za mwanzo, kwa hiyo pitia kwa spana nati za ekseli, za vikanyagio, za usukani na za kibao cha namba. Gonga spoki moja moja kwa bisibisi: zilizokaza zinalia mlio wa kulingana, na iliyolegea inatoa sauti ya kufa. Pima ulegevu wa cheni kama kitabu kinavyoelekeza, wala usiikaze kupita hapo ukidhani unaiimarisha, kwa sababu shokapu ya nyuma inapobonyea mashimoni cheni iliyokazwa mno huvuta beringi na kuziharibu. Legeza kidogo mkono wa klachi na wa breki, uuzungushe ushuke kiasi kwamba ukiwa umesimama vidole vyako viufikie bila kupinda kiganja, kwani kiwandani imewekwa kwa ajili ya mtu aliyekaa.

Upepo wa matairi unataka maelezo zaidi kidogo. Tairi lililojazwa kwa ajili ya lami linadunda juu ya mawe na kuteleza kwenye changarawe, ilhali lililopunguzwa linatanuka, linakumbatia ardhi na kufyonza mishtuko. Ukifika mwanzo wa udongo, punguza PSI tatu au nne kutoka kiasi kilichoandikwa kitabuni, na usishuke chini ya 15, maana matairi yako yana tyubu, na jiwe linalolibana tairi lenye upepo mdogo dhidi ya ringi hukata tyubu matundu mawili kwa mara moja. Beba kipimo cha upepo, pampu ya mkono, tyubu moja ya akiba, vyuma vya kubandulia tairi na spana ya ekseli, na kabla ya siku hiyo jaribu kulitoa gurudumu na kulirudisha ukiwa nyumbani, kivulini. Ukirudi kwenye lami, jaza upepo tena kabla ya kushika mwendo.

Mavazi hayana mjadala. Kofia ngumu inayofunika kidevu, miwani au kioo cha kuzuia vumbi, glovu, koti la mikono mirefu, suruali nzito, kinga za magoti, na buti zinazopita kifundo cha mguu. Ninasisitiza buti kwa sababu kwenye njia za udongo kuanguka kwa mwendo wa chini ni jambo la kawaida, na pikipiki inapolala huangukia mguu. Ninaumia kila ninapomwona kijana amenunua chombo cha mamilioni kisha anakiendesha milimani akiwa na ndala.

Sasa uendeshaji wenyewe. Jambo la kwanza la kujifunza kule mkongeni ni kusimama juu ya vikanyagio. Magoti yabane tanki, viwiko vitoke nje, mgongo uiname kidogo mbele, na uzito wote uende miguuni ili mikono ibaki mepesi. Ukisimama hivyo, pikipiki inaweza kucheza chini yako kushoto na kulia bila kukuyumbisha. Macho yaende mbali, pale unapotaka kufika baada ya sekunde kadhaa, na yasigande kwenye jiwe unaloliogopa, kwa kuwa mikono hufuata macho. Gurudumu la nyuma litateleza, na moyo utashtuka. Usifunge mafuta ghafula wala usikamate breki ya mbele. Shikilia mafuta palepale, tazama mbele, nalo litajirudi. Rudia zoezi hilo makusudi, kwa mwendo wa gia ya pili, mpaka mwili uache kushtuka.

Kupanda si kugumu kama watu wanavyodhani. Chagua gia chini ya mlima, sogeza mwili mbele, na ushike mwendo mmoja hadi juu. Injini ikizima katikati, kamata breki ya mbele, acha pikipiki ndani ya gia na uachie klachi, nayo injini iliyozima itashikilia gurudumu la nyuma kama breki ya pili. Hapo una muda wa kufikiri. Usijaribu kugeuza ukiwa umekaa. Shuka upande wa juu wa mlima, ilaze pikipiki taratibu ikibidi, iburute nyuma yake izunguke mpaka taa itazame chini, kisha uinyanyue.

Kushuka ndiko kunakohitaji heshima zaidi, na Usambara ni nchi ya kushuka. Weka gia ya kwanza au ya pili na uiache injini ikushikilie. Kosa ninalolisikia mara kwa mara katika barua zenu ni la kubana klachi mteremkoni, jambo ambalo humwondolea mtu ile breki ya injini na kumwachia pikipiki inayobiringika kwa uzito wake. Rudi nyuma kidogo kwa mwili, nyoosha miguu bila kuikaza, tumia breki ya nyuma kwa kuigusa na kuiachia, na ile ya mbele kwa kidole kimoja au viwili, polepole, gurudumu likiwa limenyooka. Breki ya mbele ikikamatwa kwa ghafula kwenye kona ya udongo, huna muda hata wa kusema jina la Mungu. Kumbuka vilevile kwamba breki ya nyuma ya pikipiki yako ni ya ngoma, na mteremko wa Lushoto hadi Mombo unashuka karibu mita 1,000. Ukiuteremka huku umekanyaga breki hiyo mfululizo, itapata moto na kupungua nguvu, hata kama uko kwenye lami.

Msimu nao uzingatie. Udongo mwekundu wa milima hiyo ukilowa unajaa kwenye mifereji ya tairi hadi tairi linakuwa laini, na matairi ya kiwandani, ambayo meno yake yamepunguzwa ili yafae pia kwenye lami, hayana namna ya kujisafisha. Usiende wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, wala siku ya mvua za vuli. Kuanzia Juni hadi Septemba njia huwa kavu na imara zaidi, ingawa asubuhi kuna baridi na ukungu, basi sweta lisikosekane ndani ya koti.

Mwisho, njia hizo ni mapito ya watu. Utakutana na akina mama waliojitwika mboga, watoto wa shule wanaotembea katikati ya barabara, mbuzi, na malori ya kabichi na nyanya yanayoshuka kwenda Mombo. Punguza mwendo hadi ule wa mtu anayetembea, usiwamwagie vumbi, na usalimie. Vijia vya katikati ya matuta ya mashamba usivitumie kabisa, kwa sababu gurudumu moja linaweza kubomoa tuta lililoinuliwa kwa jembe la mkono, na mvua ikija udongo wa shamba zima utaondokea hapo. Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia, nao unaingiwa kwa kibali cha ofisi ya misitu, si kwa kufuata njia uliyoiona imejitokeza kando ya barabara.

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, ninaishi Njombe, na kimo changu ni sentimita 158. Tumenunua nyumbani Honda CRF300L ili niweze kufika kwa ndugu zangu vijijini, na ninatamani kujifunza njia za milimani, lakini nikikaa juu yake vidole tu ndivyo vinavyogusa chini. Imeniangukia nyumbani nikashindwa kuiinua. Fundi mmoja ameshauri tuishushe shokapu mara moja. Nifanyeje?

*Msomaji, Njombe*

Jibu

Marahaba, dada yangu. Kiti cha pikipiki hiyo kiko milimita 880 kutoka ardhini, kwa hiyo usijilaumu, kwani hata wanaume warefu kuliko wewe huifikia kwa vidole. Ningekushauri usiishushe shokapu sasa. Kimo kile ndicho kinacholiweka tumbo la injini mbali na mawe, na ukikipunguza utakuwa umepata raha ya kusimama huku umepoteza uwezo wa kupita. Kwanza umwombe fundi alegeze springi ya shokapu ya nyuma kulingana na uzito wako, kama kitabu kinavyoruhusu, ili ibonyee zaidi unapoikalia. Baada ya hapo fundi wa viti anaweza kupunguza sponji, hasa pembeni mwa sehemu ya mbele ambako mapaja yanapita, na sentimita mbili tu zikiondoka hapo utaona mguu unashuka bila kuzuiwa.

La muhimu zaidi ni kujifunza kuutumia mguu mmoja. Hakuna sheria ya maumbile inayosema miguu yote miwili iguse chini. Unaposimama, sogeza nyonga yako upande wa kushoto wa kiti, shusha mguu wa kushoto ukanyage kwa unyayo wote, na wa kulia ubaki kwenye breki ya nyuma. Chagua mahali pa kusimama kabla hujafika: upande wa kushoto pawe juu kuliko wa kulia, au pawe na jiwe au ukingo wa kukanyaga. Usisimame kamwe mahali ambapo ardhi inakimbia chini upande unaoshusha mguu. Fanya mazoezi hayo uwanjani, ondoka na usimame, mpaka yawe desturi ya mwili.

Kuhusu kuiinua, pikipiki hiyo ina kama kilo 142, na mikono peke yake haiwezi. Zima injini, iache ndani ya gia ili isibiringike, na kama imeangukia kulia teremsha kwanza stendi ya pembeni, ili ikishasimama isikupite ikaangukia upande wa pili. Geuza usukani hadi mwisho kuelekea chini. Ipe mgongo, makalio yaegemee kwenye ukingo wa kiti, mkono mmoja ushike mpini wa usukani ulio chini, mwingine ushike sehemu imara ya fremu karibu na kiti, kisha tembea nyuma kwa hatua fupi ukisukuma kwa mapaja. Fanya hivyo nyumbani juu ya godoro kuukuu, mtu akiwa pembeni, mpaka uamini kwamba unaweza. Ninaamini kwamba hofu ya kuanguka, kwa watu wengi wa kimo chako, ni hofu ya kushindwa kuinuka, na mtu akishajua kwamba anaweza kuiinua, hata mabega yake hulegea na anaendesha vizuri zaidi.

Tanki la pikipiki hiyo ni la lita 7.8 tu. Kabla ya kwenda kijijini, jaza mjini, na piga hesabu ya kurudi kabla ya kuondoka.

Swali

Hujambo mwalimu? Ninaishi nje kidogo ya Voi, nina Yamaha XTZ125 mpya. Njia zetu ni za mchanga, hasa pale zinapokatiza mito iliyokauka, na kila nikiingia mchangani usukani unacheza mpaka naanguka. Pia nimepata pancha za miiba mara nyingi mno. Nisaidie.

*Msomaji, Voi*

Jibu

Sijambo, ndugu yangu. Mchanga unataka kinyume cha kile ambacho woga unakuamuru. Woga unasema punguza mwendo, na ukiupunguza, uzito unakwenda mbele, gurudumu la mbele linazama na kugeuka upande. Kabla ya kuingia mkondo mkavu, simama, sogeza makalio nyuma, ingia kwa gia ya pili au ya tatu, na uvute mafuta kidogo bila kuyakata mpaka utoke ng'ambo. Usukani utacheza, na ndivyo unavyotakiwa kuwa. Ushike kwa wepesi, uache utafute njia yake, na wewe uiongoze pikipiki kwa kukandamiza kikanyagio cha upande unaotaka kwenda. Usifuate alama nyembamba ya tairi ya gari kama umeshindwa kukaa ndani yake, kwa maana kingo zake ndizo zinazokuangusha. Ukikwama, usizungushe gurudumu ukajichimbia kaburi. Shuka, ilaze pikipiki pembeni, jaza shimo kwa mchanga, iinue, kisha itembeze kwa gia ya kwanza huku ukiisukuma ubavuni.

Miiba ya migunga haina dawa kamili. Unaweza kuweka tyubu nene zaidi, na unaweza kutia ndani ya tyubu ule uji wa kuziba matundu, nao unasaidia kwa miiba midogo. Kinachosababisha pancha ya pili dakika kumi baada ya ya kwanza ni mwiba uliobaki ndani ya tairi. Baada ya kutoa tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote taratibu, nacho kitanasa pale mwiba ulipo. Usipitishe kidole kitupu. Kisha toa kila mwiba unaouona kwa nje, hata ule ambao haujatoboa.

Kwa kuwa uko Voi, naomba pia usitoke alfajiri wala jioni. Ndovu wa Tsavo hawajui mpaka wa hifadhi, wanapita kwenye ranchi na vijiji hasa saa hizo, na pikipiki ndogo haisikiki mapema kichakani kuliko gari. Ukiwaona, simama mbali, zima, geuza, na urudi ulikotoka.

Swali

Mwalimu, shikamoo. Niko Ifakara. Katika safari yangu ya kwanza ya njia za mashambani nilivuka kijito, pikipiki ikazima katikati ya maji. Nilipiga kiki sana haikuwaka, nikaisukuma hadi nyumbani. Nimeiacha hivyo kwa siku tatu sasa. Je, imekufa?

*Msomaji, Ifakara*

Jibu

Marahaba. Usiipige kiki tena hata mara moja, na hata swichi ya kuwashia usiiguse, kabla hujafanya yafuatayo. Fungua boksi la filta ya hewa. Likiwa kavu, yaelekea maji yaligusa tu umeme wa plagi au waya wake, na kukausha kunaweza kutosha. Likiwa na maji au filta imelowa, chukulia kwamba maji yameingia ndani ya silinda. Maji hayabanwi kama hewa, na injini inayojaribu kuyabana inaweza kupinda koni rodi. Toa plagi, kisha piga kiki taratibu plagi ikiwa nje, maji yatoke kwenye tundu lake. Mwaga mafuta yaliyo ndani ya bakuli la kabureta, kwani maji hukaa chini yake. Safisha filta, ikauke kabisa, na ndipo urudishe plagi iliyo safi.

Siku nyingine, kabla ya kuvuka, waulize wenyeji. Bonde la Kilombero lina mamba na viboko, na wenyeji hao ndio wanaojua ni kivuko kipi kinapitika kwa miguu. Ukihakikishiwa usalama, tembea kwanza ndani ya maji na fimbo, upime kina na mawe. Maji yakipita katikati ya gurudumu, au yakiwa na kasi ya kukusukuma magoti, usivuke. Yakiwa chini ya hapo, vuka kwa gia ya kwanza, mwendo wa taratibu usiokatika, ili usirushe wimbi linaloingia kwenye boksi la hewa, na ukitoka gusagusa breki mpaka zikauke.

Kwa sasa, kabla hujaiwasha, tazama oili kwenye kijiti chake cha kupimia. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yamefika kwenye oili, na siku tatu ni nyingi kwa beringi kukaa ndani yake. Imwage leo, weka mpya ya bei nafuu, washa injini kwa dakika chache bila kuiendesha, uimwage tena, na urudie mpaka itoke bila weupe. Hapo ndipo uweke oili ile inayotajwa kitabuni.